Ukifika Kwenye Michikichi, Jaza Kengele Majani

Zaituni mwanangu,

Nakusalimu huku nakusikia. Uko chumba cha pili, shangazi zako wanakusuka na kukutania, nawe unajifanya kuona haya. Ningekuita ungekuja, lakini yapo maneno ambayo mdomo wangu huyakataa, na mkono wangu huu mbovu huyakubali. Nimeanza kuandika jua likiwa bado juu ya paa la jirani. Nitaikunja barua ndani ya kaniki yako mpya. Isome kwenye kituo cha kwanza, ukiwa peke yako, kabla msafara haujakaribia michikichi.

Mambo ya mume sikuandikii. Shangazi zako wameyamaliza, na mengine wameyatia chumvi. Kupika wali unajua kuliko mimi. Kuamka mapema hujui, na barua haitakufundisha. Mimi nakuandikia habari za mbwa.

Usicheke. Baba yako naye angecheka, angesema, "Mtoto anaolewa, mama anamwandikia mbwa." Lakini si mume wako mwenyewe aliyeomba? Nguruwe wa mwitu wanammalizia mpunga wake huko Kabambare, akatuma maneno kwamba bibi harusi aje na mbwa wa shamba, na katika Kasongo yote hakuna mbwa wa shamba kama Tuone wako. Kwa hiyo kesho utatoka hapa nguo mpya mwilini, hina mikononi, na kamba ya mbwa juu ya hina. Nimeona maharusi wengi wakitoka mji huu, lakini wa namna hiyo sijamwona.

Umemlea Tuone tangu akinyonya. Unajua kwamba mbwa wa aina yake hawabweki, na ndiyo maana huvishwa kengele ya mti shingoni, ili mwindaji ajue mbwa yuko wapi. Lakini umemlea mjini. Mbwa wa Kasongo hukutana karibu na soko, hunusana, muuza samaki huwatupia gogo, yameisha. Njiani ni mambo mengine. Mbwa asiyebweka hakuonyi. Mdomo umefungwa, manyoya ya mgongo yamesimama, mkia umekakamaa, na wewe unapoanza kuwaza la kufanya, meno yamekwisha kuingia.

Na njia ya Kabambare inapita katika kijiji kisicho na watu. Wapagazi hawakitaji jina. Husema tu, "pale kwa mbwa." Umewahi kuwasikia wakisema hivyo hapa barazani, na umeniona nikiinuka kwenda kutazama chungu ambacho hakikuwa motoni. Pale kwa mbwa ndiko kwetu, Zaituni. Mimi nimezaliwa pale.

Baba yangu, babu yako, alikuwa mwindaji. Kengele za mbwa alizichonga mwenyewe, na kila nyumba ilikuwa na sauti yake. Mbwa akipita gizani tulijua ni wa nani. Yetu ilikuwa na ufa, ikitoa sauti nzito, kama mtu anayegonga kinu kitupu kwa kidole. Aliivaa mbwa jike mmoja, mwekundu, kifua cheupe, sikio la kushoto limekatwa na nguruwe. Jina lake Mutima, yaani moyo. Alinilea mimi kuliko nilivyomlea yeye.

Kulikuwa na desturi moja. Wawindaji wakielekea porini, au wakipita kijiji cha watu wengine, hujaza kengele majani mabichi ili ikae kimya. Majani huondolewa pale tu mbwa anapoachiwa amfukuze mnyama. Kwa hiyo kwa mbwa wa kwetu, kengele ngeni inayolia maana yake ni moja: kazi imeanza, kuna kitu cha kukamatwa. Ukiingia kijijini na kengele inalia, umewatangazia mbwa wote wa pale kwamba umekuja kuwinda nyumbani kwao.

Na kazi ikiisha, baba yangu hakuwapigia mbwa kelele. Alifunga mdomo, akavuma kwa sauti ya chini, ndefu, inayoshuka na kushuka mpaka inakwisha tumboni. Mbwa wote walilala chini. Nikiwa mdogo nilidhani ana mnyama kifuani.

Asubuhi walipokuja watu wa bunduki, baba alimwambia Mutima akae mlangoni. Alimwambia vile alivyomwambia kila asubuhi. Kisha yeye akatoka mbele. Mimi nilifungwa pamoja na wengine, na tulipopita mbele ya nyumba yetu Mutima alikuwa amekaa palepale alipoambiwa, ananitazama. Baba yangu alikuwa chini, karibu na miguu yake. Hakuwa na wa kumwambia inuka.

Kasongo niliuzwa katika nyumba moja, nikapewa jina la Faida. Bibi wa nyumba ile hakuwa mtu mbaya. Alinitia chuoni kusoma Kurani pamoja na binti zake, ndipo nikajua herufi hizi. Baba yako alinikuta pale, nami nimekwisha kuwa mwungwana, navaa vizuri, nasema vizuri, nawacheka waliotoka porini jana. Nilimwuliza mara moja tu kama alikuwamo kati ya watu wa asubuhi ile. Alisema hakuwamo. Niliamua kuamini, na naamini mpaka leo, ingawa siku nyingine kuamini ni kazi ya kutwa nzima.

Sasa nikupeleke njiani.

Ulikuwa mgongoni mwangu, hujaanza kutambaa. Tulikuwa tunakwenda Kabambare kwa ndugu ya baba yako, tuna wapagazi kadhaa, nami nimeshika kamba ya mbwa wetu wa wakati ule, Sijali, dume kubwa lenye kichwa kigumu. Sikujua njia ile inapita wapi. Niliona michikichi kwa mbali, imepangwa safu mbili kama ilivyopandwa, na miguu yangu ikajua kabla yangu. Pale ndipo baba aliposimama kila mara kuchuma majani.

Nami nilisimama. Nilichuma majani. Nilikwisha kuinama kwenye shingo ya Sijali, mpagazi mmoja akaniona, akawaambia wenzake kwa sauti ya kusikika, "Ona mama ya kiungwana! Iko natilia mbwa dawa ya washenzi."

Wakacheka. Baba yako naye akatabasamu kidogo, si kwa ubaya. Mwanangu, nilikuwa nimetumia miaka mingi kuwa mtu asiyechekwa namna ile. Niliyatupa majani. Nikayakanyaga na kuyapita, kana kwamba si mimi niliyeyachuma.

Tuliingia na kengele inalia.

Nilitegemea kukuta msitu. Kijiji kilichoachwa humezwa na majani haraka, wewe mwenyewe umeona. Nyumba zilikuwa zimeanguka, ndiyo, paa zimekaa chini kama kofia zilizotupwa. Lakini viwanja vilikuwa vyeupe. Hapakuwa na jani mbele ya mlango wowote. Vijia vya kutoka nyumba hadi nyumba vilikuwa wazi, vimekanyagwa upya, vyembamba kuliko njia ya mtu. Na mbele ya kila mlango alikaa mbwa.

Si kundi, Zaituni. Mbwa wasio na watu hukaa kundi, hugombea mifupa, hulala ovyo. Hawa walikaa kila mmoja kwake, uso njiani, kama watu wanaongoja jua litue wale. Niliwatambua kwa milango. Huyu wa kwa mfua chuma. Yule wa kwa wale mapacha. Wengine walikuwa wadogo, wamezaliwa baada yetu, hawajamwona mtu wa pale hata siku moja, na walikaa vilevile. Wengine bado walikuwa na kengele.

Mpagazi aliyecheka alinong'ona, "Hapana mutu huku. Iko mbwa tu. Nani nafagia?"

Kengele ya Sijali ikalia tena, na wote wakasimama kwa pamoja.

Hapa nataka usome polepole, maana kila nilichokifanya ndicho ambacho mkono wako utataka kufanya.

Niliivuta kamba. Niliizungusha kiganjani mpaka ikabana, nikamnyanyua Sijali kifua juu, shingo imenyooka. Nilidhani namzuia. Kumbe namsimamisha kama mtu anayetaka ugomvi, na ile hofu yangu yote ikashuka kwenye kamba mpaka shingoni mwake. Alikuwa hajakasirika. Mimi ndiye niliyemkasirisha. Halafu nikaenda moja kwa moja katikati ya njia, macho yangu machoni mwao, kwa sababu nilitaka wanijue. Nilikuwa nasema moyoni, ni mimi, ni mimi. Wao waliona mgeni mwenye kaniki, ananukia karafuu, anawatazama kwa ukali na analeta dume linalowinda.

Dume jekundu la kwa mapacha lilikuja. Halikukimbia. Lilikuja kwa hatua fupifupi, miguu imekauka, bila sauti yoyote. Nikapiga kelele, "Toka! Toka!" Kelele yangu ndiyo iliyolirusha.

Mbwa wanaopigana kimya ni jambo baya sana kusikia. Unasikia meno. Unasikia kengele mbili za mti zikigongana, basi. Wengine walitoka milangoni wakatuzunguka, wamekaa duara, wanatazama. Nami nikafanya ujinga mkubwa kuliko wote: nikatia mkono kati yao nimshike Sijali shingoni. Sijui mpaka leo ni nani kati yao aliyeniuma. Mbwa aliye katika vita hauoni mkono, anaona kitu kinachomgusa. Mkono huu umeujua maisha yako yote, ulijua umeumwa na mbwa, hukuuliza wapi. Ni pale.

Na wewe mgongoni ulikuwa unacheka. Hukulia. Ulikuwa umenyoosha kidole chako kuelekea nyumba ya mwisho, unacheka kama unayechezewa na mtu.

Baba yako aliinua bunduki. "Mama Zaituni, ondoka! Nitapiga!"

Nilitaka kumwambia asipige, lakini maumivu yalikuwa yamenifunga meno. Kilichotoka ni ule mvumo. Sikuukusudia. Ulitoka tumboni, wa chini, mrefu, ukashuka na kushuka, sauti ya baba yangu ikipita ndani yangu kana kwamba mimi ni nyumba ya kupita tu.

Dume jekundu likaachia. Wote walilala chini, duara zima, videvu kwenye vumbi. Sijali naye akalala, damu sikioni. Wapagazi walikuwa wameweka mizigo chini na wanamwomba Mungu, kila mmoja kwa njia yake. Ndipo nikasikia ile kengele nzito, yenye ufa.

Mutima alitoka mbele ya nyumba ya mwisho, yaani yetu. Alikuwa mzee kupita kiasi, macho meupe, mbavu nje. Hakumnusa Sijali wala baba yako. Aliunusa mkono wangu unaotoka damu, akaunusa unyayo wako uliokuwa unaning'inia, wewe ukaushika ule ukingo wa sikio lake lililokatika. Kisha akageuka akatangulia njiani, na mbwa wote wakainuka wakatufuata, huku wengine kushoto, huku wengine kulia, mpaka kijito cha mpakani. Walitusindikiza, Zaituni. Hivyo ndivyo watu wa kwetu walivyomsindikiza mgeni.

Pale kijitoni nikakosea tena, na hili linaniuma kuliko mkono. Tulikuwa tumevuka. Ningeendelea tu. Niligeuka nyuma nikamwita jina lake, nalia, kwa sauti kubwa. Alitia mguu majini. Alinitazama mimi, akatazama nyumba. Nilikuwa nimemwambia kwa mvumo kwamba kazi imekwisha, alale, na sasa namwita aje. Mbwa hawezi kutii amri mbili. Alitoa mguu majini akarudi kwenye ile amri ya zamani, ya mwenye nyumba. Niliisikia kengele mpaka mlangoni, halafu ikanyamaza.

Yote haya ungeweza kuyasoma kama hadithi ya zamani. Mbwa huzeeka, hufa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia miaka yote wewe ukikua. Lakini mwezi huu uliopita alipita muuza chumvi anayetoka kule, akakaa barazani kwetu, nikamwuliza kwa uzembe, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama pale kwa mbwa bado wapo.

"Wapo, mama. Wapo kabisa. Na kule mwisho iko moja muzee, haiinuke. Inakaa tu mu-mulango."

"Rangi gani?"

"Nyekundu. Kifua nyeupe. Sikio moja haiko nzima."

Nilisema huenda ni mjukuu wa mbwa wa zamani, mbwa hufanana. Akakubali. Kisha akasema kwamba ana kengele mbaya, inalia kama kinu kitupu. Mbwa huzaa wajukuu, mwanangu, lakini kengele ya mti haizai. Na mti ule mchwa wangekwisha kuumaliza kabla wewe hujaota meno.

Nilimwambia baba yako tusubiri msafara unaopita njia nyingine. Akasema njia nyingine ina vita, na hilo ni kweli. Nikamwambia basi mbwa abaki. Akaniuliza kwa nini, nikainuka kwenda kutazama chungu. Kwa hiyo utapita, na Tuone atapita, nami sitakuwapo. Naogopa. Nasema wazi kwamba naogopa.

Sikiliza basi. Kwenye michikichi, simama, chuma majani mabichi, jaza kengele mpaka haisikiki. Watacheka. Waache wacheke. Bibi harusi huchekwa kwa mengi, ongeza na hili. Kamba iache ilegee mpaka ifanye tumbo chini, uishike kwa vidole, usiizungushe kiganjani. Usipite katikati. Toka njiani mapema, kabla hawajasimama, uzunguke kwa nyuma ya nyumba, ili kati ya Tuone na kila mbwa kuwe na ukuta au kichuguu. Usiwatazame machoni, tazama miguu yao. Mmoja akija na miguu iliyokauka, mgeuze Tuone ubavu, uendelee kutembea taratibu, umwage nyuma yako wale samaki wakavu wa soko la Nyangwe niliokufungia. Ndiyo kazi yao, wala si mboga ya njiani. Wakishikana, vua kaniki uwatupie kichwani. Ikishindikana, mpagazi amshike mmoja miguu ya nyuma, wewe mwingine, mvute kinyumenyume. Mikono yako isiende mbele. Nataka mume wako aione yote miwili. Na baadaye usimpige Tuone. Atakuwa ameogopa kama wewe.

Na ule mvumo unaujua. Umekuwa ukiusikia kabla hujajua kusema. Ndio niliokulazia kila siku ulipokataa kulala, na shangazi zako wakauliza ni wimbo gani huo usio na maneno. Ukiingia pale, vuma. Watalala.

Limebaki moja, nalo silo la usalama wako. Silazimishi. Kama majani yamejaa kengeleni mwa Tuone na bado unasikia kengele, nzito, yenye ufa, nenda mpaka nyumba ya mwisho. Kaa chini mbali kidogo na mlango, kamba imelegea. Atakunusa unyayo, naamini atakujua, maana wewe ndiye uliyecheka. Mwambie umetumwa na mtu wa nyumba ile, mtaje kwa jina lake, jina ambalo hakuna mtu Kasongo anayelijua, hata baba yako. Liko chini ya barua hii. Mwambie mwenye nyumba hatarudi, na hakuna wa kulindiwa tena. Kisha vuma, ushushe mpaka mwisho, usikatishe. Akilala, ondoka. Ukifika kijitoni usigeuke, na usimwite, hata ukilia.

Nasikia wamemaliza kukusuka. Unaniita nije nikuone. Nakuja.

Mama yako,
Wabiwa